Maswali ya Wasomaji: Kabla Hujabadilisha Kufuli

Katika toleo lililopita tuliwaomba wenye nyumba watuandikie mahali wanapokwama na wapangaji wao. Barua zilizokuja zinafanana kwa jambo moja: karibu kila mwandishi anauliza namna ya kumtoa mtu, lakini ukiisoma barua hadi mwisho unaona hataki kumtoa, anataka kodi yake tu. Tumejibu sita.

Nina nyumba ya vyumba vinane Mbagala. Kijana mmoja amepanga vyumba viwili kwa shilingi 80,000 kwa mwezi. Mwanzoni alilipa miezi sita kwa mkupuo. Ilipoisha akaanza kunipiga chenga, na sasa ninamdai miezi miwili, yaani 160,000. Anaendesha bodaboda ya mkataba, ana mke na mtoto mchanga. Sina ugomvi naye, ila na mimi naishi kwa kodi hiyo. Majirani wananishauri nibadilishe kufuli akiwa kijiweni. Nifanye hivyo? — Mama mwenye nyumba, Mbagala, Dar es Salaam

Mama, kufuli liache lilivyo. Ukimfungia mtu nje huku vitu vyake viko ndani, kesi inageuka: badala ya yeye kukujibu kuhusu 160,000, wewe ndiye utakayejibu kuhusu televisheni, godoro na pesa atakazosema zilikuwa chini ya godoro. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inaweka ndani ya kila mkataba wa upangaji, hata ule wa mdomo, ahadi kwamba mpangaji atakaa kwa utulivu bila kusumbuliwa. Akichelewesha kodi kwa siku 30 unaruhusiwa kumpa notisi ya maandishi kwamba unakusudia kuvunja upangaji. Mkishindwana mnaanzia Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 halihukumu tena bali linasuluhisha. Lisipofanikiwa ndani ya siku 30, ndipo unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Njia ipo, lakini ni ndefu, na muda wote huo vyumba haviingizi kitu.

Sasa tazama hesabu. Akihama leo, 160,000 imekwenda naye. Bodaboda aliyehama Mbagala kwenda Chanika hutamwona tena. Vyumba vikikaa wazi mwezi mmoja ni 80,000 nyingine. Ongeza rangi na kitasa. Umeshapoteza zaidi ya 240,000, na hujui anayekuja ni nani.

Kosa halikuanza miezi miwili iliyopita. Lilianza siku ile ulipompangia kodi ya miezi sita mtu ambaye pesa yake inaingia kwa siku. Ile 480,000 ya kwanza huenda aliikopa, au ni mchango wa ndugu, au ni kikoba cha mke wake. Ilipoisha alitakiwa kuwa na 480,000 nyingine mkononi kwa siku moja, na mwendesha bodaboda wa mkataba hana siku kama hiyo. Ana elfu kumi ya leo, na sehemu kubwa ni hesabu ya bosi. Mtu wa namna hii ukimdai laki nne na themanini atakukimbia. Ukimdai elfu ishirini, anazo.

Kwa hiyo mbadilishie mzunguko, alipe kwa wiki. Hapa kuna jambo ambalo wenye nyumba wengi hawalioni: mwaka una wiki 52, si 48. Ukigawa 80,000 kwa nne unapata 20,000 kwa wiki, na akilipa 20,000 kila wiki mwaka mzima atakuwa amelipa 1,040,000, wakati kodi ya mwaka ni 960,000. Ile 80,000 iliyozidi ni nusu ya deni lako, na imelipwa bila yeye kuhisi. Nusu iliyobaki inahitaji 2,000 tu juu ya kila malipo kwa wiki 40. Yaani atalipa 22,000 kwa wiki 40 za kwanza na 20,000 kwa wiki 12 za mwisho, na mwisho wa mwaka kodi yote na deni lote vimekwisha. Ukiona mwaka ni mrefu, mwambie 25,000 kwa wiki 26. Hapo atakuwa amemaliza deni na kuzidisha elfu kumi, ambayo utamhesabia kwenye kodi inayofuata. Usipandishe zaidi ya hapo kwa tamaa ya kumaliza haraka. Mpango wa 40,000 kwa wiki unaonekana mzuri kwenye karatasi na unavunjika wiki ya tatu.

Kabla ya kuandika, muulize mambo mawili. Kwanza, hesabu ya bosi anaipeleka siku gani? Kama ni Jumapili, usiweke kodi Jumapili wala Jumatatu. Weka Jumatano au Alhamisi, siku ambayo hamgombanii pesa ileile. Pili, mkataba wa pikipiki unaisha lini? Siku pikipiki inapokuwa yake, ile hesabu ya kila siku inabaki mfukoni mwake. Kama zimebaki wiki kumi, malipo ya deni yawe madogo kwa wiki hizo kumi na yakue baada ya hapo.

Karatasi yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Mfano: «Leo tarehe fulani, mimi (jina), mpangaji wa vyumba namba 3 na 4, nakubali kwamba nadaiwa kodi shilingi 160,000. Nitalipa 22,000 kila Jumatano kabla ya saa 12 jioni, kwa namba hii ya simu, pamoja na ya kutolea. Kila malipo yatahesabiwa kwanza kwenye kodi ya wiki hiyo, kinachobaki kwenye deni. Nikiona sitaweza, nitamwambia mama mwenye nyumba kabla ya Jumatano, si baada yake. Nikikosa mara mbili mfululizo, tutakaa mbele ya mjumbe.» Wote wawili mtie sahihi, mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa ashuhudie, kila mmoja abaki na nakala.

Maneno mawili humo ndani yana kazi kubwa kuliko yanavyoonekana. «Pamoja na ya kutolea» linazuia ugomvi wa kila wiki: anakutumia 22,000, wewe ukitoa kwa wakala zinapungua, unamwandika anadaiwa, yeye anaapa kwamba amelipa. Na «kwanza kwenye kodi ya wiki hiyo» linazuia kosa la kitabu. Ukiipeleka pesa yote kwenye deni la zamani kwanza, wiki mpya inaonekana haijalipwa, kila ukifungua daftari yuko nyuma, na wewe mwenyewe unaanza kuamini kwamba halipi.

Mwisho, mama, na hili ni la wapangaji wako wote: kodi ikipita siku tatu, ongea. Siyo kwa mlango kugongwa saa kumi na moja alfajiri mbele ya majirani, bali ujumbe mfupi wa simu: «Kodi ya wiki hii sijaiona, kuna nini?» Deni la wiki moja linalipika kwa siku mbili za kazi. Mwenye nyumba anayenyamaza miezi miwili kwa heshima kisha akalipuka hamsaidii mpangaji wala hajisaidii.

Nyumba yangu ya Tandika ina wapangaji sita na LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla. Kila wiki wanagombana. Mmoja ana friji, wengine wanasema anakula umeme wao, na wanakataa kunipa kodi mpaka nimtoe. Ni mpangaji mzuri, hajawahi kuchelewa. Nimtoe ili niokoe watano? — Mwenye nyumba, Temeke

Ukimtoa mwenye friji, mwezi ujao watamgundua mwenye pasi. Ugomvi uko kwenye mita, na dawa yake ni mita.

Anza na ukweli ambao huenda wapangaji wako hawaujui. Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka saa tano kwa siku inakula uniti moja na kidogo kwa mwezi mzima. Feni ya wati 50 ikizunguka saa kumi kila usiku ni kama uniti 15. Televisheni ya wati 60 kwa saa sita ni karibu 11. Friji ya kawaida ya milango miwili ni kati ya 30 na 45. Jiko la umeme la wati 1,500 linakula uniti moja na nusu kwa kila saa. Likipika saa moja tu kwa siku ni 45 kwa mwezi, sawa na friji, na halionekani kwa sababu linafichwa chini ya kitanda. Mara nyingi anayemlalamikia mwenye friji kwa sauti kubwa kabisa ndiye mwenye jiko.

Suluhisho la bei ndogo ni mita ndogo kwa kila chumba, nyuma ya LUKU yako. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, siyo kijana anayejua kuunga waya. Kila chumba kiwe na njia yake inayotoka kwenye sakiti breka yake, iingie kwenye mita yake, ndipo iende kwenye taa na soketi. Baada ya kazi fanya jaribio kabla hujamlipa fundi: zima na chomoa kila kitu kwenye chumba kimoja, kisha tazama mita yake. Ikiendelea kuwakawaka au namba ikisogea, waya wa chumba cha pili unapita humo. Katika nyumba za zamani zilizoongezwa chumba baada ya chumba hili ni la kawaida sana, na usipolikamata siku hiyo umenunua ugomvi mpya kwa pesa zako.

Kusoma mita kuwe siku moja kila mwezi, watu wawili pamoja, picha ya kila mita iende kwenye kundi la WhatsApp la nyumba. Tuseme LUKU imetumia uniti 140 na mita sita zikijumlishwa ni 131. Zile 9 ni taa za korido, choo na uwani. Gawanya kwa sita, kila mmoja anabeba moja na nusu. Mwenye friji akisoma 46, anakuwa na 47.5. Uniti ikiwa takriban shilingi 357 pamoja na kodi na tozo, analipa kama 16,960. Mwenye taa na televisheni tu akisoma 12, anakuwa na 13.5, kama 4,820. Ukibandika hesabu hiyo ukutani, kelele zinaisha.

Kuna gharama nyingine iliyojificha. TANESCO ina bei ya chini kwa wateja wa matumizi madogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi: shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, kama 122 ukishaziongeza. Familia inayotumia uniti 50 kwenye LUKU yake ingelipa kama 6,100. Familia hiyohiyo, kwa kuwa imebanana na wengine watano kwenye mita moja inayozidi kiwango, inalipa karibu 17,850. Kwa hiyo ukiwa na uwezo wa kuomba mita kamili za TANESCO, hata mbili tu, kila moja kwa nusu ya nyumba, umewapunguzia wapangaji gharama kuliko ungewapunguzia kodi.

Na usisahau kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU. Ni deni lako wewe mwenye jengo, lakini inamkata yule aliyenunua umeme kwanza mwezi huo. Tangu 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ni pesa ndogo yenye uchungu mkubwa. Mrudishie aliyekatwa kwa kuipunguza kwenye kodi yake, na uiandike kwenye risiti ili wengine waone.

Nimemaliza nyumba Dodoma, nataka wapangaji ambao sitagombana nao baadaye. Niwaulize nini? — Msomaji, Ihumwa

Usiulize mshahara ni kiasi gani. Uliza pesa inaingiaje na tarehe gani. Mtumishi wa serikali hulipwa kabla ya mwezi kuisha, kwa hiyo kodi yake iwe tarehe 28, wakati pesa bado ipo, siyo tarehe 10 ikiwa imeshagawanywa. Mfanyabiashara wa sokoni alipe kwa wiki. Mkulima wa zabibu au alizeti mwenye chumba mjini anaweza kulipa mwaka mzima baada ya mavuno na asiwe na kitu kabla yake. Omba namba ya mwenye nyumba wa zamani na umpigie. Umuulize swali moja tu: «Alipokuwa amekwama, alikuwa anakwambia au anajificha?» Kukwama wote tunakwama. Chukua nakala ya kitambulisho, mpeleke kwa mjumbe akaandikwe kwenye daftari la wakazi, na siku anayoingia pigeni pamoja picha za kuta, vitasa, masinki na vioo. Kesi nyingi za amana zinaishia kwenye zile picha.

Mwanangu anaoa na nataka kumpa nyumba ndogo iliyoko uani. Mpangaji amelipa miezi sita kwa 120,000 kila mwezi, imebaki mitatu, na anasema haondoki mpaka iishe. Nitamtoaje kwa uzuri? — Baba mwenye nyumba, Morogoro

Ana haki yake, Baba. Alilipa, na miezi hiyo ni yake. Unachoweza kufanya ni kuinunua.

Jiulize kwa nini anakataa. Si ubishi. Kuhama mjini kunahitaji pesa nyingi kwa siku moja: kodi ya miezi mitatu au sita kwa mwenye nyumba mpya, mwezi mmoja wa dalali, na usafiri. Pesa yake yote umeikalia wewe. Ukimwambia «hama kwanza, nitakurudishia», umemwomba ahame bila mtaji.

Kwa hiyo mpe mkononi kabla hajahama: 360,000 ya miezi iliyobaki, 120,000 ya dalali, na nauli ya kirikuu. Jumla ni laki nne na themanini, ukiacha usafiri. Ukiona ni nyingi, linganisha na gharama ya kumpangishia mwanao mahali pengine kwa miezi mitatu; pengine hiyo ndiyo nafuu, na harusi haitaharibika kwa hilo. Akikubali, andikeni kwamba upangaji umeisha kwa hiari ya wote tarehe fulani na kiasi gani kimelipwa. Nusu mpe mkisaini ili akatafute nyumba, nusu siku anapokabidhi funguo. Ukitoa yote mwanzoni utasubiri, usipotoa chochote mwanzoni hatapata pa kwenda.

Nina duka Mombasa, karibu na kivuko cha Likoni, nimempangisha dada mwenye saluni kwa 18,000 kwa mwezi. Hatukuandikiana. Ana deni la miezi mitatu, 54,000. Dalali wa mahakama ananiambia anaweza kuja kuchukua mashine zake wiki hii. Nikubali? — Mwenye duka, Mombasa

Usikubali, bwana. Kwa kuwa hamkuandikiana na ni nyumba ya biashara, upangaji huu unalindwa na Sura ya 301 ya sheria za Kenya. Mpangaji wa aina hii huwezi kumtoa wala kumbadilishia masharti bila notisi ya maandishi kwa fomu maalum, isiyopungua miezi miwili, yenye sababu. Deni la miezi miwili ni sababu inayotambuliwa, kwa hiyo sababu unayo. Lakini yeye naye anaweza kwenda kwenye baraza la upangaji wa biashara, lile watu wanaloliita BPRT, kabla notisi haijaiva, na notisi inasimama mpaka baraza liamue. Kukamata mali kwa ajili ya kodi katika upangaji kama huu kunataka ruhusa ya baraza hilo. Anayekuahidi «wiki hii» muulize karatasi yake iko wapi.

Tena fikiria: saluni bila mashine za kukausha nywele ni chumba chenye vioo. Ukizichukua, umechukua kile ambacho kingekulipa.

Deni la saluni lipange kwa misimu yake. Pesa inaingia kabla ya Idi, wakati wa harusi, na Desemba. Januari ada za shule zinakausha kila mfuko. Mwambie alipe 18,000 yake ya kila mwezi bila kukosa, na deni aligawe kwa uzito tofauti: 20,000 mwezi wa Idi, 20,000 Desemba, na ile 14,000 ipatikane kidogo kidogo miezi ya katikati. Mpango wa kiasi kilekile kila mwezi unapendeza macho, ila utamkwamisha Januari na mtarudi mlipokuwa.

Akisema hata 18,000 ni ngumu kwa sasa, angalia neno utakaloandika. Usiandike «nimepunguza kodi iwe 13,000.» Kesho ukitaka kuirudisha 18,000 huenda ukatakiwa kupitia notisi ileile ya miezi miwili, kwa sababu ni kubadilisha masharti. Andika: «Kodi ni 18,000 kama ilivyokuwa. Kwa miezi minne, 5,000 ya kila mwezi inaahirishwa. Jumla 20,000 italipwa kwa tarehe hizi.» Pesa ni zilezile, lakini kodi yako haikuguswa.

Njia nyingine ambayo wenye maduka wanaisahau ni viti. Saluni yenye viti vitatu na msusi mmoja ina viti viwili vinavyokaa bure. Mpe ruhusa ya maandishi apangishe kiti kimoja kwa msusi wa kucha au kinyozi. Kiti kikimpa hata 4,500 kwa mwezi, ni robo ya kodi yako. Weka sharti kwamba wewe unaendelea kumdai yeye peke yake, na mtu wa kiti si mpangaji wako, ili siku wakikosana usiwe na wapangaji wawili kwenye chumba kimoja.

Na siku mtakapokubaliana, andikeni mkataba. Si kwa ajili ya kumbana. Bila karatasi hata risiti za M-Pesa zinabishaniwa kwamba zilikuwa za mwezi gani.

Mpangaji wangu hapa Ngamiani amefariki ghafla. Mkewe yuko eda, na kodi iliisha wiki mbili baada ya mazishi. Ni 70,000 kwa mwezi. Wanangu wanasema nimpe notisi kabla deni halijakua. Naona haya, lakini nami sina kipato kingine. — Mzee, Tanga

Shikamoo mzee. Notisi ngoja kwanza, maana hujui unampa nani. Uliyepangana naye ni marehemu.

Tenganisha mafungu mawili. Kama kuna kodi iliyokuwa inadaiwa kabla ya kifo, hilo ni deni la marehemu, na madeni hulipwa kutoka kwenye mali yake kabla warithi hawajagawana. Lipeleke kwa maandishi kwenye kikao cha familia, siyo kwa mjane. Mara nyingi kikao hicho ndicho kinachompendekeza msimamizi wa mirathi na muhtasari wake unapelekwa Mahakama ya Mwanzo. Deni lisilotajwa mapema hutajwa baada ya mali kugawanywa, na hapo kila ndugu anamnyooshea mwenzake kidole.

Fungu la pili ni siku za eda. Miezi minne na siku kumi ni kama siku 130; ukitoa wiki mbili zilizokuwa zimelipiwa, zinabaki kama 116. Kwa 70,000 kwa mwezi ni takriban 271,000. Hiyo usimwachie mjane peke yake, na usiibebe peke yako. Kama una amana ya mwezi mmoja, itumie kuwa kodi ya mwezi wa kwanza na uandike kwamba amana imekwisha. Inabaki kama 201,000. Waite wakwe na kaka zake mbele ya imamu au mwenyekiti wa mtaa, uwatajie namba hiyo, kisha nyamaza. Ndugu watatu wakichukua 20,000 kila mmoja kwa mwezi, kwa miezi mitatu ni 180,000, na 21,000 iliyobaki inaweza kuombwa kwenye kamati ya zaka ya msikiti au kuahirishwa hadi atakapotoka. Kila aliyeahidi aandikwe jina, kiasi na tarehe. Ahadi za matangani zina nia njema na kumbukumbu fupi.

Jambo linalokosewa ni lile linalofuata. Wenye nyumba wanangoja eda iishe, kisha wanamletea mjane hesabu siku anayovua nguo za eda. Wiki mbili au tatu kabla, mtume mkeo au binti yako, asiende mwanamume, akamuulize taratibu: anataka kubaki, anarudi kwao, au anahitaji chumba kimoja badala ya viwili? Akitaka kupunguza, na una chumba cha 40,000 kinachokaribia kuwa wazi, usikipangishe kwanza. Akibaki, andika mkataba mpya kwa jina lake, unaoanza siku ya kwanza baada ya eda, na deni la nyuma liwe kwenye karatasi ya peke yake ili lisichanganyike na kodi yake mpya. Kama ataanza biashara ya vitumbua au ushonaji, mpe malipo ya wiki kwa miezi mitatu ya kwanza, 17,500 kwa wiki, na siku ya kulipa aichague mwenyewe.